Seli haishiki kutu: oksidesheni, elektroni na kuzeeka kwetu

Katikati kabisa ya lenzi ya jicho lako kuna protini zilizotengenezwa ukiwa bado tumboni, kabla hujazaliwa, na hizohizo ndo utakufa nazo. Hazibadilishwi. Seli za pale katikati zilishatupa kiini chao, zikatupa na mitokondria zao ili mwanga upite bila kukwama, kwa hiyo hazina jeni za kutengenezea protini mpya wala mtambo wa nguvu wa kufanyia ukarabati, zimekaa tu pale miaka 40, 60, 80 zinapitisha mwanga. Protini zenyewe zinaitwa kristalini, zina sehemu zenye salfa ambazo zinaporwa elektroni kirahisi, na zikishaporwa zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinaganda mafungu mafungu, mwanga unaanza kutawanyika badala ya kupita. Hapo ndo mtu anaambiwa ana mtoto wa jicho.

Nimeanza na jicho makusudi, manake ni mojawapo ya sehemu chache ambapo ile hadithi tunayosimuliwa kila siku, kwamba mwili unazeeka kwa kushika kutu, inakaribia kuwa kweli. Kwa miaka mingi lenzi inalindwa na molekuli ndogo inayoitwa glutathioni, inatengenezwa na seli za pembeni ambazo bado ziko hai vizuri halafu inapenya taratibu mpaka katikati na kurudisha elektroni pale zilipoporwa. Umri ukisogea safari hiyo inakuwa ngumu, glutathioni inayofika kwenye kiini cha lenzi inakuwa kidogo sana, na protini za pale zinabaki bila mtetezi. Watu waliotibiwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya vyumba vya oksijeni yenye mgandamizo mkubwa wameonekana kupata ukungu hapohapo katikati ya lenzi. Yaani oksijeni hii inayotuweka hai, ikizidi mahali pasipo na ulinzi, inaharibu.

Ila sehemu kubwa ya mwili haiko kama lenzi. Kwingine protini zinabomolewa na kujengwa upya kila siku, mafuta ya kwenye utando wa seli yanabadilishwa, DNA inakaguliwa na kurekebishwa usiku na mchana. Msumari hauwezi hayo. Sasa kama karibu kila kitu kinarekebishwa, kwa nini bado tunazeeka? Hilo swali limechukua watu zaidi ya miaka 60 na limebadilika sana njiani, na kinachoniuma ni kwamba matangazo ya vidonge bado yanasimulia jibu la mwanzo kana kwamba hakuna kilichogunduliwa baada yake.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Oksidesheni, ukiondoa ugumu wa darasani, ni kitu kupoteza elektroni, basi. Oksijeni sio lazima hata iwepo, imebeba jina tu kwa kuwa ni mporaji hodari. Na elektroni ikitoka hapa lazima iingie pale, haibaki inaelea, kwa hiyo kila anayeporwa ana mwenzake aliyepokea, na huku kupokea kunaitwa riduksheni. Vitu hivi viwili havitengani, ndo maana vikaunganishwa jina moja, redoksi.

Maisha yenyewe yanaendeshwa na hii kupokezana. Unachokula kinavunjwavunjwa mpaka elektroni zake zinaingia kwenye mitokondria, mle ndani zinapitishwa kutoka protini moja kwenda nyingine kama kijiti kwenye mbio za kupokezana, kila hatua inatoa nguvu kidogo ya kusukuma protoni upande wa pili wa utando, na protoni zikirudi kwa kasi zinazungusha mtambo unaotengeneza ATP ambayo ndo mafuta ya seli. Mwisho wa mbio anasubiri oksijeni. Anapokea elektroni nne, anageuka maji, mchezo umeisha. Oksijeni unayovuta sasa hivi unavyosoma, karibu yote inaenda kufanya kazi hiyo moja ya kupokea kijiti cha mwisho.

Tatizo ni kwamba kijiti huwa kinadondoka njiani. Elektroni moja moja inachomoka katikati ya mbio, hasa kwenye protini ya kwanza na ya tatu, inaidaka oksijeni iliyo jirani kabla ya wakati, na badala ya maji unapata supaoksaidi, ambayo ni oksijeni yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, ndo hizi zinazoitwa radikali huru. Vitabu vya zamani viliandika kwamba asilimia 1 mpaka 2 ya oksijeni yote inaishia hivyo, lakini namba hiyo ilitoka kwenye mitokondria zilizotolewa nje ya seli na kuwekwa kwenye oksijeni nyingi kuliko zilivyozoea, na leo inaaminika ndani ya seli hai ni chini ya hapo sana. Seli nayo haikai tu ikitazama. Kimeng'enya kinachoitwa supaoksaidi dismutesi kinaidaka supaoksaidi na kuigeuza haidrojeni peroksaidi, halafu vimeng'enya vingine kama katalesi na peroksiredoksini vinaigeuza peroksaidi kuwa maji. Kinachoogopwa ni peroksaidi kukutana na madini ya chuma yaliyo huru kabla hawa hawajafika, maana hapo inazaliwa radikali ya hidroksili, na hiyo haichagui, chochote kilicho mbele yake inakipora hapohapo, iwe mafuta, protini au DNA.

Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman, ambaye kabla ya kusomea udaktari alikuwa mkemia kwenye kampuni ya mafuta na huko alizoea kushughulika na radikali, alichapisha wazo lake kwamba hizi ndo zinatuzeesha. Aliona kwamba mionzi inatengeneza radikali mwilini na madhara yake yanafanana kiasi na uzee, akajiuliza je kama mwili wenyewe unazitengeneza kila siku kidogo kidogo? Wengi hawakumjali. Kisha mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wakaonyesha kazi ya ile supaoksaidi dismutesi, na mambo yakageuka, kwa sababu mwili hauwezi kuweka mlinzi mahali ambapo hakuna mwizi. Kama kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuondoa supaoksaidi tu, basi supaoksaidi ipo kweli na inadhuru. Mwaka 1972 Harman akaongeza kwamba mitokondria ndo chanzo na pia ndo muathirika wa kwanza. Wazo zuri, rahisi kueleweka, na kila aliyelisikia alifikia hitimisho lilelile: tumpe mtu antioksidanti, yaani kitu kinachokubali kuporwa elektroni badala ya seli, na uzee utachelewa.

Ikajaribiwa, na kwa umakini mkubwa. Finland walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133, baadhi wakapewa beta karotini, antioksidanti ile ya kwenye karoti, na matokeo yalipotoka 1994 waliopewa beta karotini walikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. ZAIDI, sio pungufu. Marekani kulikuwa na jaribio lingine la watu zaidi ya 18,000, wengi wao wavutaji au waliowahi kuvuta, likasimamishwa kabla ya muda Januari 1996 kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa asilimia 28 zaidi kwa waliokuwa wanameza beta karotini pamoja na vitamini A. Baadaye tena wanaume zaidi ya 35,000 wakafuatiliwa kwenye jaribio la vitamini E na madini ya seleniamu, na mwaka 2011 ikaripotiwa kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Hawa ni watu waliojitolea kwa nia njema wakiamini wanajikinga. Kila nikisoma hizo namba nasimama kwanza, na nadhani kila anayeuza hivi vidonge anadaiwa kuzisema wazi mbele ya mteja.

Kwenye maabara nako mambo yakaanza kwenda kombo. Kuna mnyoo mdogo wa kama milimita moja ambao watafiti wa uzee wanautumia sana kwa kuwa unaishi wiki chache tu. Wakamfutia jeni ya supaoksaidi dismutesi ya kwenye mitokondria, wakitegemea afe mapema, akaishi muda mrefu zaidi. Wakaenda mbali zaidi, 2012, wakafuta jeni zote tano za aina hiyo, hana hata kimeng'enya kimoja cha kuondoa supaoksaidi, na bado aliishi maisha ya urefu wa kawaida, ila ukimpa shida yoyote kali kidogo, joto, chumvi, kemikali, anakufa haraka kuliko wenzake. Ishike hiyo sehemu ya mwisho, tutairudia. Panya waliozaliwa na nusu tu ya kimeng'enya hicho cha mitokondria walikuwa na uharibifu mwingi wa DNA na saratani nyingi zaidi, lakini umri wao wa kuishi haukupungua. Halafu yupo fuko asiye na manyoya wa Pembe ya Afrika, mwili wake ni mdogo, karibu na wa panya, lakini anaweza kupita miaka 30 wakati panya anajitahidi kufika mitatu au minne, na alipopimwa akakutwa na uharibifu wa oksidesheni mwingi tangu akiwa kijana! Anaishi nao na hazeeki haraka.

Nisije nikaonekana naegemea upande mmoja: mwaka 2005 panya waliowekewa katalesi ndani ya mitokondria, sio mahali pengine, waliishi karibu asilimia 20 zaidi. Kwa hiyo oksidesheni ina mkono wake kwenye uzee, ila hesabu yake sio ya kujumlisha uharibifu halafu kutoa kwa vidonge.

Kilichobadilisha kila kitu ni pale ilipogundulika kwamba peroksaidi ni ujumbe. Insulini ikishika mlango wa seli, seli inatengeneza peroksaidi kidogo makusudi, na peroksaidi hiyo inaenda kuzima kwa muda protini fulani ambazo kazi yake ni kuikata sauti ya insulini. Inazizimaje? Kwa kupora elektroni kwenye salfa iliyo kwenye kipande kinachoitwa sisteini, salfa ikiporwa protini inafunga, ikirudishiwa inafunguka, ni swichi kabisa. Seli imejaa swichi za namna hii. Seli nyeupe za damu nazo zinatengeneza supaoksaidi kwa wingi ili kuua bakteria, na watoto wanaozaliwa bila uwezo huo wanaugua maambukizi makali yanayojirudia. Sasa mtu akikwambia ana kitu cha "kufuta radikali zote mwilini", ukiielewa hii unapaswa kuogopa, manake anakuahidi kufuta sauti ambazo seli zako zinaongelea.

Na kwa bahati nzuri hata hawezi. Radikali ya hidroksili inamdaka jirani yake wa kwanza kabisa, kwa hiyo ili vitamini iizuie ingebidi iwe nyingi kuliko kila kitu kingine ndani ya seli, kila kona, jambo lisilowezekana kwa kumeza chochote. Pia molekuli ya vitamini ikitoa elektroni moja au mbili imekwisha mpaka irudishiwe, wakati molekuli moja ya katalesi inavunja peroksaidi kwa mamilioni ndani ya sekunde moja. Ulinzi wa kweli ni vimeng'enya, na vimeng'enya vinatengenezwa na seli yenyewe pale inapoambiwa vinahitajika.

Nani anaiambia? Hapa ndo napapenda zaidi. Kuna protini inaitwa Keap1, kazi yake siku za kawaida ni kumshika mwenzake Nrf2 na kumpeleka akabomolewe. Keap1 ana sisteini zake nyingi, zile swichi za salfa. Peroksaidi au kemikali kali zikiongezeka zinazigusa hizo swichi, Keap1 anashindwa kumpeleka, Nrf2 anarundikana, anaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kibao za ulinzi, za kutengeneza glutathioni, za kuondoa sumu, za kufungia chuma huru kisizurure. Yaani oksidesheni kidogo ndo inayoita ulinzi. Ukifanya mazoezi misuli inatoa supaoksaidi na peroksaidi zaidi ya kawaida, na hiyo ni sehemu ya sababu mazoezi yanakujenga. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana wanaofanya mazoezi miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E kila siku kwa wiki nne, na wale waliomeza hawakupata ile nafuu ya mwili kuisikia insulini vizuri zaidi ambayo wenzao wasiomeza waliipata. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote kwa kiwango kilekile, ila ujumbe wenyewe umebaki, ukizima kengele walinzi hawaji.

Twende kwenye huu msawazo wenyewe, manake neno "balansi" linawafanya watu wawaze mizani moja, huku sumu huku dawa. Ndani ya seli hakuna mizani moja. Kwenye majimaji ya seli glutathioni karibu yote iko upande wenye elektroni, tayari kutoa. Sogea kidogo tu, kwenye sehemu ya kukunjia protini zinazotolewa nje, na unakuta hali tofauti kabisa, oksidesheni nyingi, na inatakiwa iwe hivyo, insulini yenyewe ina madaraja matatu ya salfa ambayo yasingefungwa bila kupoteza elektroni. Mitokondria nao wana hali yao. Cha ajabu zaidi, seli inabeba mifuko miwili ya elektroni inayofanana karibu kila kitu kasoro kipande kidogo cha fosfati, mmoja ni NADPH na seli inahakikisha umejaa muda wote kwa ajili ya ujenzi na ulinzi, mwingine ni NAD na seli inahakikisha sehemu yake kubwa ni tupu ili uweze kupokea elektroni za chakula. Mmoja umejaa na mwingine mtupu kwa wakati mmoja, ndani ya seli moja. Kuvitunza hivyo kunagharimu nguvu saa zote.

Ukitaka kuona huo mfuko wa kwanza una umuhimu gani angalia watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, inakadiriwa wako kama milioni 400 duniani. Seli nyekundu za damu hazina mitokondria, zinategemea G6PD peke yake kujaza NADPH. Siku za kawaida mtu yuko fiti hajui hata kama ana tatizo, siku akipewa dawa fulani, primakwini ya malaria kwa mfano, seli nyekundu zinaporwa elektroni haraka kuliko zinavyojaza na zinaanza kupasuka. Kwenye utulivu sawa, kwenye shida anaanguka. Ni kama yule mnyoo asiye na jeni tano.

Na kwa maoni yangu hapo ndo kilipo kiini cha uzee kwenye hii habari ya redoksi. Kinachopungua ni uwezo wa kurudi. Vipimo vya damu vimeonyesha kwamba umri ukienda hali ya glutathioni na sisteini kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, inasogea pole pole upande wa kuporwa, kwa glutathioni mabadiliko yanaanza kuonekana baada ya miaka kama 45. Kwenye tishu nyingi kiasi cha NAD kinashuka, sababu mojawapo ni kwamba vimeng'enya vya kurekebisha DNA vinaitumia na seli za kinga zikiwa kwenye uvimbe wa muda mrefu (inflamesheni, yaani kinga ya mwili kubaki imewashwa) nazo zinaitafuna, halafu sirtuini, ambazo ni protini zinazosimamia ukarabati na haziwezi kufanya kazi bila NAD, zinabaki na kidogo. Nrf2 anaitwa lakini mwitikio wake ni dhaifu kuliko ujanani. Mitokondria zilizochakaa zilipaswa kuzolewa na kumeng'enywa, zinachelewa kuzolewa, zinaendelea kuvujisha elektroni, na kwenye seli zisizogawanyika, za moyo na ubongo, unakuta mabaki ya kahawia yanayoitwa lipofusini yanajaa ndani ya vyumba vya kuzolea taka, yanafanya uzoaji uwe mgumu zaidi. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni kutu. Ni mfumo wa kuhisi, kuita, kurekebisha na kutulia, unapoteza wepesi kila sehemu kidogo, mpaka kidonda, homa au upasuaji ambao kijana angeupita kwa wiki moja unamweka mzee chini miezi.

Pia redoksi haiko peke yake. Orodha ya alama za uzee ambayo watafiti wengi wanaitumia ilikuwa na alama 9 mwaka 2013, ikafika 12 mwaka 2023, na mkazo wa oksidesheni, yaani uporaji kuzidi ulinzi, haukupewa namba yake hapo, unajitokeza ndani ya nyingine kama kuchoka kwa mitokondria na uvimbe wa muda mrefu. Nadhani ndo nafasi yake sahihi, ni uzi unaopita kwenye vitu vingi.

Kuhusu vidonge sasa, maana najua ndo swali litakalofuata. Kama daktari amekupima na kukuta una upungufu wa vitamini fulani, meza kama ulivyoelekezwa, huo ni upungufu na unatibiwa. Glutathioni ya kumeza au kuchomwa sindano, ambayo wengi wameisikia kwa sababu ya kung'arisha ngozi, isikupe picha kwamba unairudishia seli ujana, seli inatengeneza yake kutoka kwa amino asidi tatu na ndani yake ipo tayari kwa wingi mkubwa, shida ya uzeeni ni mashine ya kuitengeneza na ya kuijaza elektroni. Sigara ni kesi nyingine, kila mvuto mmoja wa moshi unaingiza radikali kutoka nje moja kwa moja na pia unaita uvimbe unaotengeneza nyingine, kwa hiyo kuacha kuvuta kunaondoa mzigo ambao hakuna kidonge kimewahi kuuondoa, na tumeona wale wa Finland walipojaribu.

Mazoezi yanafanya kinyume cha kidonge. Yanapandisha peroksaidi kwa muda, kengele inalia, vimeng'enya vinaongezwa, mitokondria mpya zinajengwa na chakavu zinazolewa, halafu hali inatulia mpaka kesho yake. Na swichi hizi hazifi kwa sababu ya umri, misuli ya mtu wa miaka 70 ambaye hajawahi kufanya mazoezi, akianza kutembea kwa kasi au kuendesha baiskeli mara kadhaa kwa wiki, ndani ya miezi michache inaongeza uwezo wa mitokondria zake, taratibu kuliko ya kijana labda, ila inaongeza.